Panya kakaa dakika 30 bila degedege baada ya kupewa dondoo la mzizi. Je, tayari ni dawa ya kifafa?

#1 Kinu na Mchi
Habari wakuu. Naandaa mpango wa kupima mzizi ambao waganga huutumia kwa kifafa na kwa mtu mwenye hofu isiyoisha. Mpango uko hivi:

Mzizi unaanikwa kivulini, unasagwa, unaloweshwa kwenye methanoli saa 72, unachujwa, kisha kiyeyushi kinaondolewa kwa rotavapa (mashine ya kuvukiza kiyeyushi) kwa nyuzi 40. Panya weupe wadogo wa gramu 20 hadi 30, sita kwa kila kikundi. Vikundi vitano: maji ya chumvi, diazepamu (dawa inayojulikana ya degedege na wasiwasi), na dondoo kwa miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Zote ni sindano ya tumboni. Baada ya nusu saa wanachomwa PTZ (pentilenitetrazoli, sumu inayoleta degedege) miligramu 85 kwa kilo, nayo tumboni. Kesho yake panya waliopona wanapandishwa kwenye msalaba ulioinuliwa kupima wasiwasi.

Msimamo wangu: panya akimaliza dakika 30 bila degedege, nina haki ya kuandika kwamba dondoo linazuia kifafa. Naomba mnikosoe kabla sijaanza.

#2 Bi Pipeti
Asante kwa kuuliza mapema, wengi huja wakiwa wameshamaliza panya.

Kosa kubwa ni sindano mbili kwenye tumbo moja. Dondoo ghafi lina tanini, chembe zisizoyeyuka, na mara nyingi ni chachu. Likimwagwa kwenye uwazi wa tumbo linashikamana na protini na kuwasha utando. Nusu saa baadaye unamwaga PTZ hapo hapo. PTZ itafyonzwa polepole, kilele chake kwenye damu kitashuka, na panya hatapata degedege kwa sababu sumu haikumfikia ubongoni kwa kasi. Wewe utaandika "kinga 100%".

Tenganisha njia. Dondoo lipite mdomoni kwa sindano butu yenye kichwa cha mviringo, mililita 10 kwa kilo, yaani panya wa gramu 25 apate 0.25. PTZ ichomwe chini ya ngozi, kwenye mkunjo uliolegea nyuma ya shingo. Hiyo 85 uliyoandika ndiyo dozi iliyozoeleka kwa panya wadogo kwa njia ya ngozi. Tengeneza mmumunyo wa miligramu 8.5 kwa mililita, ujazo unabaki 0.25, hesabu haikuchanganyi.

Halafu usirudie panya aliyechomwa PTZ kwenye kipimo cha wasiwasi. Ubongo uliopita kwenye degedege jana si ubongo wa kawaida leo, na panya hao ni wale walionusurika tu. Umeshachuja bila kukusudia.

#3 Nyundo ya Takwimu
Naongezea kwa Bi Pipeti. Sita kwa kikundi ni wachache kwa jibu la ndiyo au hapana. Chukua kipimo cha takwimu cha Fisher cha pande mbili, kikundi linganishi wote sita wakiwa wamepata degedege (p ni uwezekano wa kuona tofauti kama hiyo kwa bahati tu, na kwa kawaida inahesabika ikiwa chini ya 0.05):

wakikingwa 3 kati ya 6, p ni 0.18
wakikingwa 4 kati ya 6, p ni 0.06
wakikingwa 5 kati ya 6, p ni 0.015

Maana yake dondoo linalokinga nusu ya panya, ambalo ni jambo zito, litaonekana si kitu. Kwa panya 10 kila upande, 5 wakikingwa unapata 0.03. Na hapo hujasahihisha kwa ajili ya kulinganisha dozi tatu.

Jambo la pili: usiweke kizimba kimoja kiwe kikundi kimoja. Panya wa kizimba cha juu karibu na taa hawafanani na wa chini. Gawanya dozi ndani ya kila kizimba kwa bahati nasibu, na anayetazama saa asijue nani kapewa nini. Dondoo la kahawia linaonekana kwenye bomba, kwa hiyo mchomaji na mtazamaji wawe watu wawili.

#4 Kemia Kavu
Hapa kwenye methanoli nina ugomvi kidogo. Mganga anachemsha mzizi kwenye maji. Wewe unalowesha kwenye methanoli. Hizo ni dawa mbili tofauti. Kama dai lako ni kuhusu matumizi ya asili, lazima uwe na dondoo la maji sambamba: chemsha kama anavyochemsha yeye, muda ule ule, chuja, gandisha, kausha kwa mashine ya kukaushia vilivyoganda. Kisha andika gramu ngapi za mzizi mkavu zimetoa gramu ngapi za dondoo. Bila uwiano huo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako.

Hesabu ya haraka kwa wanaopenda dozi kubwa. Kutoka panya mdogo kwenda kwa mtu unagawanya kwa 12.3. Miligramu 400 kwa kilo zinakuwa kama 32, mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 2 za dondoo kavu. Mzizi ukitoa 10%, hiyo ni gramu 20 za mzizi. Inawezekana. Lakini ukipanda hadi 2000 kwa kilo, mtu huyo anahitaji karibu gramu 100 za mzizi kwa siku, hapo hujapima alichokunywa mgonjwa yeyote wa mganga.

Na tafadhali: tawi lenye majani na ua au tunda lihifadhiwe kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) lipewe namba. Jina la kienyeji moja linabeba miti mitatu ukivuka wilaya.

#5 Kinu na Mchi
Nimeelewa kuhusu njia ya kuingiza na idadi. Kuhusu maji na methanoli nitafanya yote mawili. Ila sijajibiwa swali la msingi. Njia zikitenganishwa, panya wakiwa 10, wakikingwa 8, je, ni dawa ya kifafa?

#6 Mlinzi wa Zamu
Bado. PTZ ni dirisha moja. Inaziba mlango wa kloridi wa kipokezi cha GABA-A (GABA ni kemikali inayotuliza ubongo), kwa hiyo inakuonyesha vizuri vitu vinavyosukuma GABA. Tazama dawa za kifafa tunazozijua:

Ethosuksimidi inafanya kazi kwenye PTZ ya chini ya ngozi, inafeli kwenye mshtuko wa umeme. Fenitoini ni kinyume chake kabisa. Valproeti inafaulu pote. Levetirasetamu inafeli pote kwa panya wa kawaida, lakini leo iko kwenye kabati la kila kliniki ya kifafa yenye uwezo. Ingepimwa kwa mpango wako ingetupwa jalalani.

Kwa hiyo ongeza mshtuko wa umeme. Tone la dawa ya ganzi machoni, maji ya chumvi kwenye elektrodi, miliampea 50, hezi 60, sekunde 0.2. Panya asiyekingwa anakunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma inanyooka kama fimbo kupita pembe mraba na mwili. Aliyekingwa anatikisika lakini miguu ya nyuma hainyooki. Hiyo ndiyo alama, siyo kutotikisika. Na kama kifaa kinapatikana, kipimo cha hezi 6 kwa sekunde 3, miliampea 32 au 44, ndicho kinachomwona levetirasetamu.

Kwenye PTZ pia sema unahesabu nini. Kwanza panya anaganda, masikio yanarudi nyuma. Kisha kichwa kinashtuka mara moja moja. Hayo bado. Unahesabu pale mikono ya mbele inapopiga mfululizo angalau sekunde 5, mara nyingi akipoteza uwezo wa kusimama. Wengine wanahesabu mshtuko wa kwanza, wengine wanahesabu kunyooka na kufa, halafu tunalinganisha asilimia zao kana kwamba ni kitu kimoja.

#7 Panya Mweupe
Mlinzi yuko sawa ila kasahau sababu inayopotosha kuliko zote: joto la mwili. Madondoo mengi ghafi yanamshusha panya nyuzi 2 au 3, na panya aliyepoa hapati degedege kirahisi. Pima joto la njia ya haja kubwa kabla ya dozi na kabla ya PTZ. Likishuka zaidi ya nyuzi moja, rudia jaribio panya wakiwa kwenye sehemu yenye joto, uone kama kinga inabaki.

#8 Bi Pipeti
Mkuu Panya Mweupe, kwenye joto nakubali nusu. Diazepamu na fenobabitali nazo zinashusha joto na bado ni dawa za kweli. Kushuka kwa joto hakufuti kazi ya dawa. Nadhani ufyonzwaji ndio mkosaji wa mara nyingi zaidi kwa madondoo, na unarekebishika bure kwa kubadili njia.

#9 Panya Mweupe
Sijasema linafuta. Nasema bila kipimajoto huwezi kutofautisha. Ufyonzwaji unaelezea wanaochoma tumboni tu, haugusi wanaolisha mdomoni, na hao pia wanapata "kinga" zisizorudiwa maabara nyingine.

#10 Msalabani
Naomba nirudi kwenye wasiwasi, maana sehemu ile ya mpango imepita haraka.

Msalaba kwa panya wadogo: mikono minne, sentimita 30 kwa 5, miwili ina kuta za sentimita 15, miwili iko wazi, juu ya sakafu sentimita 40 hadi 50. Weka ukingo mdogo wa nusu sentimita kwenye mikono iliyo wazi, la sivyo wataanguka, na aliyeanguka anaondolewa kwenye hesabu. Panya anawekwa katikati akitazama mkono ulio wazi, dakika 5, kamera juu. Futa kwa ethanoli 70% kati ya panya na panya na USUBIRI IKAUKE, harufu yake pekee inabadili mwendo.

Yanayoharibu:
Mwanga. Ukiwa mkali mno hakuna anayetoka, hata wa diazepamu. Ukiwa hafifu mno wote wanatoka, hakuna nafasi ya dawa kuonekana.
Kushikwa. Wazoeshe mkono siku tatu hadi tano kabla. Panya aliyekamatwa mkia kwa mara ya kwanza asubuhi ile anapima hofu ya mkono wako.
Kurudia. Panya aliyeshapanda msalaba mara moja, mara ya pili diazepamu haimsaidii tena. Jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1980 na bado watu wanatumia panya wale wale kwa dozi tatu mfululizo.
Kupumbaa. Hesabu mara anazoingia kwenye mikono yenye kuta. Zikishuka pamoja na za mikono iliyo wazi, hujapunguza wasiwasi, umemlaza. Mpandishe na kwenye rodi inayozunguka: aliyefundishwa jana aweze kukaa dakika moja, ukimpa dondoo akaanguka mapema, misuli au akili imelegea.

Diazepamu ya kulinganisha ni miligramu 1 kwa kilo, siyo 5. Ukitoa 5 panya analala na "kidhibiti chako" kinaonekana kibaya kuliko dondoo. Na ampuli ya diazepamu ina propilini glikoli na ethanoli. Ukiizimua kwa maji inageuka maziwa. Itengeneze kwenye kiyeyushi kile kile unachowapa kikundi linganishi. Maji ya chumvi upande mmoja na pombe upande mwingine siyo ulinganisho.

#11 Kaunta ya Dawa
Mnisamehe kuingiza jambo la nje ya maabara. Neno degedege kwetu lina mzigo. Mtoto mwenye malaria kali anatetemeka, nyumbani wanasema degedege, anapelekwa kwa mganga kwanza. Mainen Moshi na wenzake waliwahoji waganga 100 wa Temeke wakachapisha mwaka 2005, zikatajwa spishi 60 za kutibu kifafa. Miongoni mwake Hoslundia opposita. Mmea huo mizizi yake ina kiambata kinachodhuru vimelea vya malaria. Sasa mganga akisema "unatuliza degedege", unatuliza ubongo au unagusa malaria? Kwa panya wa PTZ hutajua.

Na mzazi yeyote anayesoma huu uzi: mtoto mwenye homa na degedege ni wa hospitali sasa hivi. Mwenye kifafa anayetumia fenobabitali asiiache ghafla kwa sababu amesoma kuhusu mizizi. Kuiacha ghafla peke yake kunaleta degedege lisilokoma.

#12 Mto Lualaba
Jambo wote. Kaunta kasema vizuri. Huku kwetu Kongo kuna mfano mzuri wa kutoka kwa mganga mpaka molekuli. Mimea inayotumiwa na waganga wa Kongo kwa kifafa ilipimwa kwa samaki pundamilia, ikaonekana Indigofera arrecta inazuia PTZ. Wakagawanya dondoo, kila sehemu ikirudi kwa samaki, mpaka wakafika kwenye indirubini, ambayo inazuia kimeng'enya cha GSK-3. Ikachapishwa 2019, na njia hiyo ya GSK-3 wakaipeleka hadi kwa panya wa pilokapini (sumu nyingine ya degedege) na wa hezi 6. Yaani dirisha zaidi ya moja, kama Mlinzi anavyodai.

Samaki wanafaa kwa mtu mwenye dondoo kidogo. Kifaranga wa siku 7 anakaa kwenye kishimo cha sahani ya vishimo 96, unahitaji mikrogramu tu. PTZ milimola 20 majini, wanaanza kuzunguka kama kimbunga, kisha wanalala upande.

#13 Kemia Kavu
Samaki ni wazuri lakini wana mtego wao. Dondoo la rangi linaziba kamera, programu inasoma "hakuna mwendo", unafurahi. Saponini (viambata vya mimea vinavyotoa povu) zinaharibu matamvua, samaki anakufa taratibu, napo programu inasoma "ametulia". Lazima kwanza utafute kiwango cha juu wanachovumilia: waguse mkia kwa sindano, wote wakimbie. DMSO, kiyeyushi cha dondoo, isizidi 1%. Na kabla ya kusema kinga, weka elektrodi juu ya ubongo usome mawimbi. Kifaranga aliyelegea anaweza kuwa na dhoruba kamili kichwani.

#14 Nyundo ya Takwimu
Mto Lualaba, kama una jedwali la matokeo ya hao samaki, tuletee siku moja.

#15 Mlinzi wa Zamu
Kwa kuwa tunataja mizizi ya Afrika, Nauclea latifolia haiwezi kukosa. Mwaka 2009 Elisabeth Ngo Bum na wenzake wa Kameruni walionyesha mchemsho wa mizizi yake unakinga panya kwenye umeme, PTZ na strikinini (sumu nyingine ya degedege), unaongeza kuingia kwenye mikono wazi ya msalaba, unarefusha usingizi wa diazepamu, na unashusha joto la mwili. Madirisha mengi kwa mara moja. Halafu 2013 kundi jingine likatangaza kwamba ganda la mzizi huo lina tramadoli ya asili, yaani dawa ya maumivu iliyojulikana kuwa ya kiwandani. Dunia ikashangaa.

#16 Kemia Kavu
Malizia habari, mkuu. Mwaka 2014 kundi la Kusari na Spiteller likaonyesha kwamba kaskazini mwa Kameruni tramadoli iko kwenye udongo, kwenye maji na kwenye mimea mingine pia, pamoja na mabaki yake yanayotoka mwilini mwa mamalia. Wakulima wanaitumia wao na wanawapa ng'ombe. Kipimo cha kaboni 14 kikaonyesha imetokana na mafuta ya petroli, yaani kiwandani. Upande wa kwanza nao ukaleta vipimo vya isotopu kuonyesha mmea unaweza kuitengeneza. Mimi naona kaboni 14 imeshinda.

#17 Panya Mweupe
Hata ikishinda, haimalizi hoja ya Mlinzi. Tramadoli inajulikana kuleta degedege kwa watu. Mzizi unaokinga hauwezi kuelezwa kwa uchafu huo peke yake. Ila kwa huo mchemsho, joto la mwili linarudi mezani. Bi Pipeti umeona?

#18 Bi Pipeti
Nimeona. Nimeona pia strikinini, ambayo ni mlango wa glisini, siyo GABA. Kitu kinachokinga kila sumu unayomletea panya kinanifanya nifikirie kulegea kwa mwili mzima kabla ya kufikiria kipokezi kimoja.

#19 Mlinzi wa Zamu
Au kina viambata vitano vinavyofanya kazi tano. Dondoo ghafi siyo kidonge. Ndiyo maana unatumia flumazenili, dawa inayozuia benzodiazepini (kundi la diazepamu): mpe kabla, kinga ikipotea, sehemu ya benzodiazepini inahusika, ikibaki, tafuta kwingine.

#20 Kemia Kavu
Somo la Nauclea kwa Kinu na Mchi ni hili: peleka dondoo kwenye mashine ya kutambua molekuli kabla ya panya wa kwanza. Tafuta diazepamu, fenobabitali na tramadoli. Unga uliosagwa ukanunuliwa sokoni unaweza kuwa umeshaongezwa kidonge. Chimba mzizi mwenyewe.

#21 Kaunta ya Dawa
Mbona hakuna anayetaja CBD? Kanabidioli imetoka kwenye bangi, imeidhinishwa Marekani 2017 kwa kifafa cha watoto. Mfano ulio hai.

#22 Msalabani
Sahihisho dogo: idhini ni Juni 2018, kwa ugonjwa wa Dravet na wa Lennox-Gastaut, aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni. 2017 ni mwaka wa jaribio la Dravet: wagonjwa 120, miligramu 20 kwa kilo kwa siku, idadi ya kati (mediani) ya degedege kwa mwezi ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, wakati waliopewa dawa bandia walitoka 14.9 hadi 14.1.

Na tusome mfano huo vizuri. Ni molekuli moja safi, kwa dozi ambayo moshi au chai ya bangi haifiki. Pia inapandisha mabaki ya klobazamu (dawa nyingine ya kifafa) kwenye damu, kwa hiyo sehemu ya nafuu ya wagonjwa waliokuwa nayo bado inabishaniwa ni ya nani. Ikiwa na valproeti, vimeng'enya vya ini vinapanda.

#23 Kaunta ya Dawa
Nimepokea sahihisho. Hilo la klobazamu lina fundisho kwa dondoo pia: linaweza kuwa halifanyi lolote ubongoni, likazuia tu ini kuvunja dawa nyingine. "Kurefusha usingizi wa diazepamu" kunaweza kuwa hivyo.

#24 Mlinzi wa Zamu
Kweli kabisa. Pima diazepamu kwenye damu ya panya hao, mwisho wa ubishi.

#25 Kinu na Mchi
Shukrani wakuu. Nimebadilisha: maji na methanoli, mdomoni, PTZ chini ya ngozi, umeme kwa panya wengine, msalaba kwa panya wapya, 10 kwa kikundi, joto mara mbili, rodi. Usalama kwanza, dozi moja ya 2000 na kuwatazama siku 14. Swali la mwisho: nasubiri dakika ngapi kati ya dondoo na PTZ? Wengi wanaandika 60.

#26 Panya Mweupe
60 ni mazoea tu. Chukua dozi moja ya kati, panya wanne kwa kila muda: dakika 15, 30, saa 1, 2 na 4. Penye kinga kubwa ndipo ufanye kazi yako yote. Wasile saa 3 au 4 kabla, maji waache. Usiwanyime chakula usiku kucha, sukari ikishuka panya mdogo anapata degedege upesi na joto linaanguka.

#27 Bi Pipeti
Na weka vizimba vya muda huo wa kusubiri kwenye chumba kile kile cha jaribio, siyo korido. Joto la chumba liandike kila saa. Hapo nitakubaliana na Panya Mweupe, au yeye na mimi.